Kubadilisha spika za milango ya gari Uganda: maswali ambayo madereva huuliza

Magari mengi tunayoendesha Uganda yameingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi, na spika za milangoni ni zilezile zilizofungwa kiwandani. Karatasi ya spika, ile koni inayotetema, imelegea, ukingo umepasuka, sauti inakwaruza ukipandisha volumu kidogo tu. Haya ni maswali ninayoulizwa na madereva wa Kampala, Jinja, Mbale na kule Busia. Utaona kuna jambo ninalolirudia kila mara: mlango ndio boksi la spika. Spika nzuri kwenye mlango unaovuja itapigwa na spika ya kawaida iliyofungwa kwenye mlango ulioandaliwa.

Nitajuaje kwamba spika ndiyo mbovu, si redio?

Ingia kwenye mipangilio ya balansi na feda, upeleke sauti yote mlango mmoja, kisha mwingine, mpaka umalize yote. Mkwaruzo ukibaki mlango mmoja, shida iko kwenye spika ya mlango huo au waya wake. Ukisikika kila mahali kwa namna ileile, itilie shaka redio.

Halafu jaribu wimbo ulio kwenye simu yako, kwa bluetooth au kwa waya wa AUX. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaonunua spika wakati tatizo lao ni masafa ya FM. Redio ya Japani huanzia megahezi 76, na kwenye magari mengi tunayopata inaishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana CBS ya 88.8 inaingia, lakini Simba ya 97.3 haiingii mpaka ufungiwe ekspanda, kile kidude kinachoshusha stesheni za juu zionekane kwenye namba za chini. Ekspanda ya bei rahisi huleta mvumo na mikwaruzo, na hakuna spika itakayoutibu mvumo huo. Ukisikia simu inacheza safi na FM inakoroma, usiguse milango.

Ukishafungua mlango, kuna vipimo viwili vya uhakika. Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole viwili, pande zote mbili kwa usawa. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imeungua au imehama. Kisha weka multimita kwenye miguu ya spika: ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyo nzima husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Saizi gani itaingia kwenye gari langu?

Toyota, Subaru na Nissan nyingi za hapa hubeba inchi 6.5 milangoni, yaani sentimita 16 na kitu. Baadhi ya magari madogo yana inchi 5.25 au hata 4, hasa milango ya nyuma, na baadhi ya Toyota kubwa zina spika ya yai, 6x9, mlango wa mbele. Usiende sokoni na jina la gari peke yake. Gari hilohilo la mwaka mwingine linaweza kuwa na tundu tofauti, na huenda mwenye gari wa kwanza alishalikata.

Kipimo ambacho watu hukisahau ni kina. Teremsha kioo mpaka chini kabisa, kisha pima kutoka kwenye bati ambapo spika itakaa mpaka kwenye kioo. Sumaku ya spika mpya lazima ibaki na nafasi, si kugusana. Upande wa mbele pia uangalie: twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ikichomoza katikati inaweza kusukuma grili ya paneli.

Boksi limeandikwa wati 300. Si ndiyo yenye nguvu zaidi?

Hapana. Namba kubwa ya mbele ya boksi ni ya kishindo cha sekunde, mara nyingi ya kuvutia mnunuzi. Tafuta herufi RMS, kwa kawaida upande wa nyuma na kwa maandishi madogo. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaihimili saa nzima bila kuungua.

Redio nayo vilevile. Imeandikwa 50 x 4, ambayo ni wati 200. Sasa chomoa fyuzi iliyo mgongoni mwake: mara nyingi ni ya ampea 10. Zidisha kwa volti 14 za gari linalounguruma, unapata wati 140, na hapo sehemu kubwa inageuka joto kabla haijafika mlangoni. Redio ya kawaida hutoa wati 15 mpaka 20 safi kwa kila spika. Spika ya RMS 40 au 60 inaitosha kabisa.

Basi niangalie nini badala ya wati?

Sensitiviti. Huandikwa kwa desibeli, kwa mfano 87 dB au 93 dB, na maana yake ni sauti inayotoka ukiilisha spika wati moja na kuisikiliza umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai nguvu mara mbili ili usikie sauti ileile. Kwa hiyo spika ya 93 ikila wati 15 inalingana na spika ya 87 inayokula wati 60. Redio yako haina hizo 60. Kwa mtu ambaye hana amplifaya, hii ndiyo namba ninayomwomba aiangalie kabla ya jina la kampuni, kabla ya rangi ya koni, kabla ya kila kitu. Kuanzia 90 kwenda juu utafurahi.

Spika ambayo boksi lake halitaji sensitiviti popote, irudishe kwenye rafu.

Omu 4 au 2?

Chukua 4. Ukiipa redio ya kawaida omu 2 itachemka, na kwenye foleni ya Jinja Road mchana wa jua kali itajizima au kuungua. Tahadhari ni kwa magari yenye mfumo wa JBL au Bose kutoka kiwandani: hayo huwa na amplifaya yake, na spika zake zinaweza kuwa chini ya omu 4. Pima kwa multimita kwanza. Ukiweka za omu 4 pale hutaharibu kitu, ila sauti itakuwa ndogo kuliko ulivyozoea.

Nichukue spika yenye twita katikati, au seti yenye twita pembeni?

Kwa walio wengi, ile yenye twita katikati inatosha, na ufungaji wake ni mwepesi. Seti yenye twita ya kujitegemea inapendeza zaidi kama gari lako lina nafasi ya twita karibu na kioo cha pembeni, kwa sababu sauti za juu hazipindi kona vizuri. Twita iliyo chini kabisa ya mlango inaimbia goti lako.

Kwenye baadhi ya Toyota waya wa spika hupitia kwanza kwenye soketi ya twita ya kiwandani ndipo ushuke mlangoni. Ukiitoa twita hiyo ukashangaa spika mpya imenyamaza, ni hapo. Unganisha waya zile mbili za kuingia na mbili za kutoka, uendelee.

Nitazitambuaje spika feki pale Kisekka?

Soko la Kisekka lina vitu vizuri na lina vitu vya hovyo, mara nyingine meza moja. Shika spika mkononi. Sumaku inayojificha ndani ya kofia kubwa ya plastiki, uzito mdogo, jina la kampuni lenye herufi moja iliyobadilishwa: hizo ziache. Angalia ukingo unaozunguka karatasi. Wa raba unanyooka na kurudi, na unastahimili unyevu. Wa sponji husagika kwa miaka michache ya joto na maji. Kagua pia miguu ya kuunganishia: mguu wa chanya huwa mpana kuliko wa hasi, na alama ziwe zimechorwa wazi. Mwombe muuzaji akuunganishie palepale kwenye redio yake usikilize zote mbili, moja moja. Muuzaji mwenye mzigo mzuri hakatai.

Spika zilizotolewa kwenye magari ya Japani yaliyokatwa nazo si za kudharau. Ukipata jozi ya kiwandani ambayo ukingo wake ni mzima, na soketi zake zinaingia moja kwa moja, umepata kazi ya nusu saa.

Ninafunguaje paneli ya mlango bila kuivunja?

Kwenye Toyota nyingi kuna skrubu moja nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, imefichwa na kifuniko kidogo, na nyingine moja au mbili ndani ya kishikio cha kuvutia mlango. Toa pia kile kipande cha pembetatu karibu na kioo cha pembeni. Swichi za vioo hunyanyuka kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Baada ya hapo paneli imeshikwa na klipu tu. Anza kona ya chini, ingiza kifaa cha plastiki karibu na klipu, vuta kwa mkato mmoja, uhamie inayofuata. Zikitoka zote, inua paneli kwenda juu ili itoke kwenye mkondo wa kioo. Usiirushe pembeni, bado imeunganishwa na waya za swichi na nyaya za loki.

Klipu za miaka 15 zimekauka, chache zitakatika. Nunua kadhaa kabla hujaanza. Na kama uko Kabale asubuhi, acha gari liote jua kwanza, kwa kuwa plastiki baridi hupasuka.

Zima swichi ya gari na utoe ufunguo. Kukata betri sikupendekezi kwa kazi hii, kwa sababu baadhi ya redio za Japani zenye skrini hujifunga umeme ukikatika na kudai namba ya siri ambayo hakuna anayeijua. Lakini soketi za rangi ya njano ni za airbegi: usizichomoe, usizipime. Baadhi ya magari mapya yana kihisio cha mgongano ndani ya mlango. Kikiwepo, usikifunike na usikihamishe.

Ile karatasi ya plastiki iliyogandishwa mlangoni, niitupe?

Usiitupe! Hapa ndipo kazi nyingi za Kampala zinapoharibikia.

Mvua inapopiga kioo, maji hupita kwenye raba na kuteremka ndani ya mlango. Hilo ni jambo la kawaida, mlango umetengenezwa hivyo, na chini kuna vitundu vya kuyatoa. Ile plastiki ndiyo inayozuia maji yasije upande wa abiria. Lakini milango mingi ninayofungua nakuta imeshachanwa zamani na aliyefunga alamu, au aliyetengeneza mota ya kioo, na hakuna aliyeirudisha. Msimu wa mvua wa Machi mpaka Mei ukifika, kapeti linalowa, gari linanuka, na mwenye gari anazunguka akitafuta tundu kwenye paa. Spika inakunywa maji kwa nyuma. Msimu wa vumbi la murram nao unaleta ungaunga mwekundu unaotulia chini ya fremu ya spika, tabaka kwa tabaka, mpaka unaingia kwenye mwanya wa koili na kuanza kusaga.

Plastiki ina kazi ya pili. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka kuja mbele, zinauana, na bezi ndiyo inayokufa kwanza. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa ya kuingiza mkono wa fundi. Yakiwa wazi, hakuna spika itakayokupa bezi.

Kwa hiyo, vuta plastiki polepole ukiifuata gundi nyeusi kwa kisu chembamba, na usiruhusu vumbi liiguse ile gundi. Ikishapata vumbi haishiki tena. Ikiwa imechanika, kata nailoni nene ya ukubwa uleule na uibandike kwa utepe wa butili, ule wa mpira unaonata. Selotepu huachia ndani ya wiki ya jua. Chini, hakikisha ncha ya plastiki inaingia ndani ya mlango, ili maji yateremke ndani yasije nje. Na vile vitundu vya chini vizibue kwa waya mwembamba. Utashangaa udongo utakaotoka.

Vipi kuhusu mikeka ya kuzuia kelele?

Kama una hela ya kitu kimoja zaidi, iende hapa. Mkeka wa butili wenye karatasi ya alumini, kipande kimoja nyuma ya spika kwenye bati la nje, na vipande vingine vya kuziba matundu makubwa. Safisha bati kwa spiriti kwanza, ukaushe, kisha usugue mkeka kwa nguvu mpaka ushike. Usiuzibe mkono wa kioo wala vitundu vya maji. Na ukiletewa mkeka wa lami wa kuezekea paa kwa sababu ni rahisi, ukatae: jua likiwaka unalainika, unanuka ndani ya gari, na mwishowe unadondoka juu ya mota ya kioo.

Spika mpya haikai pale ilipokuwa ya zamani. Nifanyeje?

Toyota nyingi hufunga spika ya kiwandani pamoja na fremu nene ya plastiki iliyopigwa riveti. Toboa vichwa vya riveti kwa drili taratibu, na ufagie chembe za chuma, sumaku itazivuta. Spika mpya itahitaji pete ya kuiinua. Zipo za plastiki zilizo tayari. Ukikosa, mafundi mbao wa Ndeeba watakukatia ya plaiwudi. Iwe ya plaiwudi isiyoogopa maji, na uipake rangi ya mafuta pande zote pamoja na ukingo wa ndani. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ikinyonya maji huvimba kama mkate na skrubu hazishiki tena.

Kati ya pete na bati weka sponji laini ya kuziba, na kati ya spika na pete vilevile. Kisha zungushia mbele ya spika utepe wa sponji unaofikia paneli, ili sauti itoke kwenye grili badala ya kupotelea nyuma ya paneli. Kaza skrubu kwa kukingamana, moja juu, inayofuata chini. Ukikaza upande mmoja kwanza, fremu ya bati jembamba hupinda na koili huanza kusugua.

Waya upi ni chanya?

Usiamini macho kwa mazoea ya nyekundu na nyeusi. Kwenye Toyota nyingi, mbele kushoto chanya ni waridi na hasi ni zambarau. Mbele kulia chanya ni kijani hafifu na hasi ni buluu. Nyuma kushoto chanya ni nyeusi na hasi ni njano. Nyuma kulia chanya ni nyekundu na hasi ni nyeupe. Umeona, nyeusi hapo ni chanya. Redio za dukani zina mpango wake: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ule wenye mstari mweusi ndio hasi.

Kama umepotea, tumia betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha waya kwa sekunde moja tu. Karatasi ikiruka kuja mbele, mguu uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Usikate soketi ya gari. Nunua adapta, au chomea kwa risasi na uzibe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wa kusokotwa na kufungwa selotepu hauishi kwenye mlango unaopigwa mara nyingi kwa siku. Na kamwe usifunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari, unaiua redio.

Nimefunga mpya lakini bezi imepungua. Kwa nini?

Mara nyingi upande mmoja umegeuzwa chanya kwa hasi. Peleka balansi kushoto kabisa, sikiliza bezi, kisha irudishe katikati. Kama katikati bezi inapungua badala ya kuongezeka, geuza waya za mlango mmoja. Kama si hivyo, rudi kwenye matundu ya mlango.

Mlango unatetema nikiweka wimbo wenye bezi.

Cheza wimbo huo, mwenzako abonyeze paneli sehemu moja moja kwa kiganja. Mtetemo ukinyamaza, hapo ndipo penye klipu iliyokatika, waya uliolegea au fimbo ya loki inayogonga bati. Funga waya na fimbo kwa sponji.

Naendesha teksi, redio inalia tangu alfajiri. Mbona twita zinaungua kila mara?

Pole, kaka. Si kwamba spika ni dhaifu peke yake. Redio ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi hukatwa vichwa, na huo mkwaruzo unapeleka joto jingi kwenye twita. Tafuta HPF, kichujio kinachokata bezi ya chini, kwenye menyu ya redio na uiweke hezi 80 au 100, spika ziache kuhangaika na bezi ya chini kabisa. Punguza pia bezi kwenye ikwaliza. Kama redio haina HPF, kapasita isiyo na chanya wala hasi ya maikrofaradi 330 kwenye waya mmoja wa kila spika ya omu 4 itakata karibu hezi 120. Ukitaka bezi ya kutikisa viti, hiyo ni kazi ya sabufa na amplifaya, yenye waya wake kutoka betri na fyuzi yake karibu kabisa na betri.

Nibadilishe milango yote minne?

Anza na ya mbele. Dereva na abiria wa mbele wanasikia mbele. Hela ya spika za nyuma inunue mikeka na pete nzuri za mbele.

Nimwambie nini fundi nikimwachia gari?

Mwambie kabla hajafungua skrubu: plastiki irudi, soketi zisikatwe, spika za zamani nikabidhiwe. Kaa pale mpaka afunge paneli ya kwanza. Kisha pandisha na ushushe kioo, funga na ufungue loki, mwaga jagi la maji juu ya kioo na usubiri kidogo, halafu ufungue mlango uangalie chini. Maji yakitoka kwenye vitundu na paneli ikabaki kavu, mruhusu aendelee na mlango wa pili.